Gramu mia za mchele si gramu mia za wali

Kiswahili kina maneno matatu pale ambapo Kiingereza kinatumia moja, "rice". Shambani Chekereni au Mabogini kuna mpunga. Ukishakobolewa ni mchele. Ukiiva ni wali. Hakuna mtu wa Moshi anayeenda soko la Mbuyuni kuomba apimiwe kilo mbili za wali. Lakini mtu huyohuyo akifungua programu ya simu ya kuhesabu kalori, anaandika lile neno moja la Kiingereza, inatokea orodha ndefu, anagusa mstari wa kwanza na kuendelea. Hapo hesabu inaharibika, na inaharibika karibu mara tatu.

Mchele mweupe mkavu una kalori kati ya 350 na 365 kwa gramu 100. Mimi natumia 360 ili kichwa kisiume. Wali mweupe uliopikwa kwa maji na chumvi peke yake una kalori 130 hivi kwa gramu 100. Kilichopita kati ya namba hizo mbili ni maji tu. Mchele uliokaushwa vizuri una maji asilimia 12 au 13. Wali ulioiva una asilimia 68 hadi 70. Maji hayana kalori. Wanga uliokuwamo kwenye punje umebaki vilevile, ila sasa umesambaa ndani ya uzito mkubwa zaidi.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, piga hesabu ya virutubisho. Gramu 100 za mchele mkavu zina wanga gramu 80 hivi, protini gramu 7 na mafuta chini ya gramu moja. Wanga na protini huhesabiwa kalori 4 kwa gramu, mafuta 9. Utapata 320, ujumlishe 28, ujumlishe 6, yaani 354. Njia hiyohiyo inakusaidia kwenye simu pale mstari usipoonyesha ni chakula gani hasa. Tafuta maneno "raw" au "dry" kwa mchele na "cooked" kwa wali, na kama hayapo tazama namba ya wanga. Ikiwa karibu 80 kwa gramu 100, huo ni mchele. Ikiwa karibu 28, huo ni wali. Pakiti za dukani nazo kwa kawaida zinaandika namba za mchele kama ulivyo ndani ya pakiti, kabla ya kupikwa.

Kosa hili lina pande mbili. Wa kwanza anapima wali gramu 300 kwenye sahani, anachagua mstari wa mchele mkavu, simu inamwambia kalori 1,080. Ukweli ni 390. Mtu huyu anaogopa, anapunguza wali hadi vijiko viwili, anashinda na njaa, baada ya wiki mbili anaacha kila kitu na kutangaza kwamba wali unanenepesha. Wa pili anapima mchele gramu 150 kabla ya kupika, anachagua mstari wa wali, simu inamwambia 195. Ukweli ni 540. Kalori 345 zimepotea kwenye daftari kila siku, na kwa wiki moja ni 2,415. Huyu ndiye anayesema anakula kidogo lakini kilo hazishuki. Hasemi uongo, amekosea mstari.

Kuna kundi la tatu, na kwao naomba jambo hili lichukuliwe kwa uzito wote: wanaochoma insulini na kupanga dozi kwa kuhesabu wanga wa mlo. Tuseme daktari amempa mgonjwa uwiano wa yuniti moja kwa kila gramu 10 za wanga. Anakula wali gramu 200, wenye wanga gramu 56 hivi, kwa hiyo anahitaji yuniti 5 au 6. Akisoma namba ya mchele mkavu atahesabu wanga gramu 160 na kuchoma yuniti 16. Sukari itaporomoka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Akikosea upande wa pili, akapima mchele mkavu gramu 80 (wanga 64) na kuusoma kama wali (wanga 22), atachoma yuniti 2 badala ya 6 na sukari itapanda usiku kucha. Uwiano wa kila mgonjwa anaupanga daktari wake, usiazime wa jirani. Lakini uwiano sahihi haufai kitu ukipachikwa kwenye uzito usio sahihi.

Sasa, hata ukichagua mstari wa wali, ile 130 ni makadirio ya wali wa mtu mwingine, kwenye sufuria ya mtu mwingine. Wali wako una maji kiasi gani? Chukua gramu 100 za mchele, kalori 360. Ukipika ukakauka sana, ukachambuka punje kwa punje, unaweza kupata wali gramu 240: hizo ni kalori 150 kwa gramu 100. Ukipata gramu 280, ni 129. Ukizidisha maji ukawa bokoboko na kufika gramu 320, ni 113 tu. Mchele mmoja, namba tatu.

Umri wa mchele una sehemu yake. Mchele mpya, uliotoka kuvunwa na kukobolewa msimu huu, unakunywa maji kidogo na unashikana. Uliokaa ghalani miezi kadhaa unakunywa maji mengi, unajaa sufuria na kuchambuka. Ndiyo maana wapishi wa shughuli huuliza muuzaji kama mchele ni wa zamani kabla hawajauliza bei. Aina nayo inachangia: SARO 5 inayolimwa sana kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, ile iliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, haijai sawasawa na mchele wa Magugu au wa Kyela. Chenga zinaiva haraka na kushikana. Watu huuliza ni mchele upi kati ya hiyo una kalori chache. Kwa mchele mkavu, gramu kwa gramu, tofauti ni ndogo mno kukusumbua. Harufu nzuri ya Magugu haina kalori. Hata mchele wa kahawia, usioondolewa pumba, unakaribia 360 uleule; faida yake ni nyuzinyuzi na vitamini, na kushiba kwa muda mrefu, jambo ambalo ni zuri lakini ni la hesabu nyingine.

Halafu kuna mwinuko, ambao watu wa huku wanaujua kwa mkono hata kama hawajui namba zake. Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi joto 95 hivi. Moshi mjini, mita 800 na kitu, ni karibu 97. Dar es Salaam ni 100. Anayehamia Arusha kutoka pwani na vipimo vyake vya maji atashangaa wali una kiini wakati maji yameshakauka. Anaongeza kikombe, anafunika, anasubiri tena. Muda wa kupika unarefuka, mvuke unaopotea ni mwingi, na uzito wa mwisho hautabiriki. Kwenye jiko la mkaa, ukishapalia makaa juu ya mfuniko, maji yanapotea zaidi. Sufuria ya umeme ya wali hufunga mvuke vizuri na wali wake huwa mzito kidogo kwenye mizani. Kwa hiyo namba ya kitabuni haiwezi kujua umepikia wapi, kwa moto gani.

Dawa yake ni kuhesabu kalori zote wakati bado ni mchele, kisha kuzigawa kwa uzito wa wali uliopata siku hiyo.

Unahitaji mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Nyingi hupima hadi kilo 5. Ipime kwanza: weka chombo, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, mimina maji lita moja, isome gramu 1,000 au karibu sana na hapo. Ikicheza, badilisha betri kabla hujailaumu.

Chagua mchele kwanza, upete, toa mawe na makapi, ndipo upime. Pima mkavu, kabla ya kuosha. Hapa ndipo wengi waangalifu wanapoteleza: wanaosha, wanachuja, wanapima. Maji yaliyong'ang'ania kwenye punje yanahesabiwa kama mchele. Ukiwa umeloweka nusu saa ni vibaya zaidi, kwa sababu gramu 100 zinaweza kusoma 120 na kitu. Wanga unaoondoka na maji ya kuoshea ni mdogo, usiuhesabu.

Tuseme ni sufuria ya Jumapili, mchele gramu 750. Mara 3.6 ni kalori 2,700. Mafuta ya kula vijiko vitatu vya mezani: kijiko kilichojaa sawasawa ni gramu 14 hivi, kalori 120 na kidogo, kwa hiyo vitatu ni 370. Jumla 3,070. Chumvi haina kitu. Maji hayana kitu. Andika namba hiyo kwenye karatasi au kwenye simu kabla hujabandika sufuria, maana wali ukishaiva na watu wameketi hakuna atakayekumbuka vilikuwa vijiko vitatu au vinne.

Pika kama unavyopika siku zote. Ukiepua, usiweke sufuria ya moto moja kwa moja juu ya mizani. Joto linavuruga usomaji na linaweza kupasua kioo chake. Afadhali upakulie wote kwenye hotpoti ambayo umeshaipima ikiwa tupu. Ikiwa tupu ilisoma 1,120 na sasa inasoma 3,100, wali ni gramu 1,980. Gawa 3,070 kwa 1,980: kalori 1.55 kwa gramu. Basi, namba ya leo ni hiyo. Sahani ya gramu 320 ni kalori 496. Ya mtoto ya gramu 150 ni 233. Kwa jedwali la 130, ile sahani ya 320 ingesoma 416; kati ya kalori 80 zilizopungua, 60 hivi ni mafuta ambayo jedwali halikuyaona, na zilizobaki ni kwa sababu wali huu una maji machache kidogo kuliko wa jedwali. Anayehesabu wanga anafanya vivyo hivyo: gramu 750 mara 0.8 ni wanga gramu 600, gawa kwa 1,980, unapata gramu 30 kwa kila gramu 100 za wali wa leo.

Kama hotpoti ikijaa itazidi kilo 5, tumia mbili. Kama lazima upime kwa sufuria, weka kibao cha kukatia juu ya mizani kwanza, rudisha sifuri, kisha ubandike sufuria juu ya kibao, na uhakikishe mpini haukugusa ukuta. Uzito wa sufuria tupu uandike kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya mpini. Ni kazi ya mara moja.

Ukoko unastahili aya yake. Uliobaki chini ya sufuria umepoteza maji mengi kuliko wali wa juu, kwa hiyo gramu kwa gramu una kalori nyingi zaidi. Hesabu ya hotpoti hapo juu inachukulia kwamba ukoko nao umeingia, umebanduliwa ukachanganywa. Kama mnauloweka na kuumwaga, kalori zake zimo kwenye ile 3,070 lakini hakuna aliyezila, na kila sahani itasoma juu kidogo ya ukweli. Kwa ukoko mwembamba ni tofauti ndogo, iache. Kwa ule wa kupalia, mnene wa kahawia unaotoka kama sahani, na ambao watoto wanaugombania, upime peke yake na uuhesabu kama mchele mkavu ikiwa umekauka mpaka unavunjika. Utakuwa umezidisha kidogo, si vibaya. Toa kalori hizo kwenye jumla kabla hujagawa kwa wali uliobaki.

Wali wa nazi unabadilisha picha yote. Tui lililokamuliwa kwa maji kidogo lina kalori 230 hivi kwa gramu 100, karibu zote zikiwa mafuta. Ukitia gramu 400 za tui zito kwenye sufuria ileile ya gramu 750, umeongeza kalori 920. Tui la pili na la tatu ni jepesi zaidi, na machicha unayotupa yanaondoka na sehemu ya mafuta, kwa hiyo usihesabu nazi nzima iliyokunwa, pima tui. Pilau nayo ni hivyohivyo: mafuta ya kukaangia vitunguu yote yanaingia kwenye jumla, viazi vinaingia, nyama ihesabu pembeni na uitoe kwenye hotpoti kabla ya kupima wali. Ukishindwa kutenganisha, hesabu vyote pamoja na ukubali kwamba aliyepata minofu mitatu na aliyepata mmoja hawajala sawa.

Kiporo. Wali ukipoa kwenye friji sehemu ya wanga wake hugeuka ikawa ngumu kumeng'enywa, na kuna video nyingi zinazosema kalori hupungua nusu, hasa ukitia mafuta ya nazi. Mabadiliko yapo lakini ni madogo, na mafuta unayoongeza yana kalori zake. Usikate chochote kwenye hesabu. Cha kuangalia ni uzito: kiporo kinapoteza maji kikikaa, kwa hiyo gramu 300 za jana jioni zinaweza kuwa 285 leo asubuhi na kalori zilezile. Pima wakati wa kuhifadhi, andika kwenye chombo. Ukikikaanga asubuhi, ongeza mafuta ya kukaangia.

Na kwa kuwa tumetaja kiporo: usikiache usiku kucha juu ya meza. Kuna bakteria anayeitwa Bacillus cereus ambaye vijimbegu vyake havifi wali unapochemka. Vikikaa kwenye uvuguvugu vinazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Tandaza wali kwenye chombo kipana upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa moja au mbili.

Kama huna mizani, bado unaweza kupata hesabu ya kuaminika. Nunua mchele kilo moja sokoni, pale Kilombero ya Arusha au Kiboriloni ya Moshi, uliopimwa mbele yako, kisha nyumbani uupime kwa kikombe kimoja, ukikisawazisha juu kwa kisu bila kukitikisa. Kikombe cha robo lita kitatoa vikombe vitano hivi, yaani gramu 200 kila kimoja, kalori 720. Vikiwa vitano na nusu, gawa 1,000 kwa 5.5. Hicho ndicho kikombe chako sasa, usibadilishe. Pika kikombe kimoja, gawa wali kwenye mabakuli manne yanayolingana: kila bakuli ni kalori 180 na sehemu yake ya mafuta. Maji yakizidi au yakipungua haijalishi, kwa sababu umegawa sufuria nzima.

Wali wa kununua kwa mama ntilie huwezi kuuhesabu tangu mchele. Weka 150 hadi 160 kwa gramu 100 kwa sababu una mafuta, na kama ni mahali unapokula kila siku, chukua sahani moja ya kubeba, uende nayo nyumbani, upime wali peke yake bila maharage wala mchuzi. Ukijua sahani yake ina gramu ngapi, umejua kwa miezi.

Ugali, makande na tambi vinafuata kanuni hiyohiyo: hesabu unga, mahindi na maharage makavu, tambi kavu, kisha gawa kwa uzito wa kilichoiva. Nyama inakwenda kinyume, kwa sababu inapoteza maji ikiiva. Gramu 100 mbichi hushuka hadi 70 au 75, kwa hiyo iliyoiva ndiyo yenye kalori nyingi kwa gramu. Ndizi za machalari zipime zikishamenywa, maana ganda ni zito na hakuna anayelila.